Petroli Ilivyofika Mpanda

Kabla hatujaanza, kila mmoja na afungue daftari lake, na mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne: debe, pipa, risasi, oktani. Matatu ya kwanza mnayajua. La nne huenda wengine hamjalisikia. Msiwe na wasiwasi. Kabla ya somo kwisha mtalijua, na mtaona kuwa jambo lenyewe limewasumbua siku nyingi ila jina lake ndilo lilikuwa geni.

Leo nitawaeleza habari za petroli katika nchi ya Mpanda. Tangu mwaka wa 2012 Mpanda ni makao makuu ya mkoa wa Katavi. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa, na zamani zaidi, wakati wa Waingereza, ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, ikitazama Tabora. Mtu akisikia neno historia hudhani ni habari za wafalme na vita tu. Lakini lita moja ya petroli nayo ina historia yake, na ya Mpanda ni ndefu kuliko ya miji mingi, kwa sababu njia yake ni ndefu.

Swali letu ni hili. Kijana wa bodaboda anatia petroli, anapakia abiria, anafika mlimani, na injini inaanza kulia ko-ko-ko kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Fundi anamwambia, "Petroli hii si nzuri, tafuta nyingine." Ataitafuta wapi? Kwa nini katika miji iliyo mbali na bandari mtu hana nafasi ya kuchagua petroli, bali hununua iliyopo?

Tuanze na debe. Karibu kila nyumba ina debe au imepata kuwa nalo. Twapimia mahindi, twachotea maji, na mtu akikutajia bei ya debe la mahindi sokoni, humwulizi ni debe la ukubwa gani. Lakini debe halikuletwa kwa ajili ya mahindi. Liliingia nchini likiwa limejaa mafuta ya taa na petroli kutoka ng'ambo. Lilichukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Madebe mawili yalifungwa pamoja katika sanduku moja la mbao.

Sasa tufanye hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Madebe mawili ni lita 36, basi uzito wake ni kama kilo 27. Ongeza bati na mbao, unapata kilo 30 hivi. Huo ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Ni sawasawa na mzigo ambao Wanyamwezi waliuchukua begani tangu zamani za pembe za ndovu. Kwa hiyo hata ilipofika zama ya motokaa, petroli ilikwenda kwanza kwa miguu ya watu.

Msidhani nawatania. Tarehe 10 Agosti mwaka wa 1907 Mjerumani mmoja aliyeitwa Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akitaka kuvuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alipita nchi yetu mpaka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, akaendelea, akafika Swakopmund mwezi wa Mei mwaka wa 1909. Motokaa ilichukua karibu miaka miwili kufanya safari hiyo. Petroli yake ilibidi itangulizwe na kuwekwa njiani akiba, ikichukuliwa na wapagazi. Tazameni jambo hilo: gari lililokuja kuonyesha kuwa wapagazi wamepitwa na wakati lilikuwa likiwangoja wapagazi walifikishie mafuta.

Na katika nchi ya Mpanda hapakuwa na njia nyingine. Mapori ya miombo yalikuwa na mbung'o wengi. Mbung'o huua ng'ombe na punda, na huleta ugonjwa wa malale kwa watu. Basi mkokoteni wa ng'ombe haukuweza kutumika. Mahali pengine mzigo ulitoka kichwani mwa mtu ukaenda kwa mnyama, kisha kwa gari. Huku ulitoka kichwani mwa mtu ukaenda moja kwa moja kwa gari, na kwa miaka mingi gari lenyewe halikuwapo.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Iliipita Mpanda mbali sana. Kutoka Kaliua, kituo kilicho magharibi ya Tabora, mpaka Mpanda ni zaidi ya kilomita 200 za pori, na katikati kuna Mto Ugalla ambao masika hutanuka ukafunika mbuga. Mwenye lori aliyetaka kwenda huko alipakia mapipa ya petroli ya kwenda na ya kurudi. Pipa moja la chuma huchukua galoni 44, yaani lita 200. Mtu akihesabu nafasi ya mapipa hayo katika lori, aliona kuwa sehemu kubwa ya safari lori lilikuwa likijibeba lenyewe.

Sasa tunafika kwenye neno la tatu, risasi. Neno hili lina maana mbili, nanyi mnazijua zote. Risasi ya bunduki ni moja. Nyingine ni madini yenyewe, laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa kuwa ardhi ya Mpanda ina dhahabu, na pia ina risasi, pamoja na shaba na fedha. Dhahabu mtu huweza kuibeba mfukoni. Risasi haibebeki hivyo. Risasi ni mali ya tani, na tani zahitaji reli.

Baada ya vita kuu ya pili dunia ilihitaji risasi nyingi, na bei ikapanda. Kampuni ya Uruwira Minerals ikashika machimbo ya Mpanda, na serikali ya wakati ule ikakubali kujenga reli kutoka Kaliua. Kazi ilianza mwaka wa 1947, na mwaka wa 1950 gari la moshi likafika Mpanda, baada ya kilomita 210 za reli mpya. Kwa miaka kumi risasi ya Mpanda, pamoja na almasi na dhahabu ya mahali pengine, ikahesabiwa katika madini yaliyoiletea Tanganyika fedha za kigeni.

Gari la moshi lililokuja kuchukua risasi halikuja tupu. Lilileta saruji, vyuma, chakula, na mafuta. Kwa hiyo mwaka wa 1950 ndio mwaka ambao petroli na dizeli zilianza kufika Mpanda kwa wingi, pasipo kubebwa na lori tangu Tabora. Wazee waliokuwa vijana wakati huo ndio walioona magari ya kwanza ya mfululizo, na pampu za kuzungusha kwa mkono. Kama katika darasa lenu yuko mzee wa namna hiyo, mwulizeni leo, msingoje kesho.

Hapa nataka msikilize kwa makini, kwa sababu historia ya Mpanda na historia ya petroli zinakutana mahali ambapo watu wengi hawajapafikiria. Ile risasi iliyotoka ardhini ilikuwa na kazi nyingi duniani: betri za magari, mabomba, rangi, waya za simu. Na kazi mojawapo ilikuwa kutiwa ndani ya petroli.

Kwa nini? Ndipo linakuja neno letu la nne, oktani.

Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia, pistoni hupanda na kuikandamiza, kisha plagi hutoa cheche, moto huwaka, na pistoni husukumwa chini. Ndiyo nguvu inayozungusha gurudumu. Kila kitu kina wakati wake. Lakini petroli nyingine haivumilii kukandamizwa. Ikibanwa sana na kupata joto, sehemu yake hujilipukia yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Mlipuko huo huipiga pistoni kwa ghafla. Hapo ndipo unaposikia ile ko-ko-ko. Injini inajipiga yenyewe. Ikiendelea hivyo siku nyingi, pistoni hutoboka au pete zake huvunjika.

Oktani ni kipimo cha uvumilivu huo. Mwaka wa 1926 huko Marekani walichagua mafuta mawili ya kupimia. Moja hugonga upesi sana, likapewa namba 0. La pili huvumilia sana, likapewa namba 100. Petroli ikivumilia sawa na mchanganyiko wenye sehemu 91 za lile zuri katika kila 100, huitwa petroli ya oktani 91. Basi, si zaidi ya hayo. Wengi hudhani oktani ni nguvu, na kwamba petroli ya namba kubwa itafanya pikipiki ikimbie kama gari la mashindano. Sivyo. Injini iliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida haipati faida kubwa kwa petroli ya oktani ya juu. Lakini injini inayohitaji oktani ya juu ikipewa ya chini, itagonga. Na pikipiki ya kawaida ikipewa kitu kilicho chini ya petroli ya kawaida, nayo itagonga. Tutarudi hapo.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1921 mtaalamu wa Marekani jina lake Thomas Midgley aligundua kuwa ukitia kidogo tu dawa yenye risasi ndani ya petroli, ugongaji unakoma. Ilikuwa njia rahisi kuliko zote ya kupandisha oktani. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwezi wa Februari mwaka wa 1923, ikaenea dunia nzima. Injini zikaweza kukandamiza zaidi na kutoa nguvu zaidi. Mwaka wa 1940, katika vita vya angani juu ya Uingereza, ndege za Waingereza ziliruka kwa petroli ya oktani 100, na risasi ilikuwa ndani yake.

Lakini risasi ni sumu. Jambo hili lilijulikana tangu zamani, na Midgley mwenyewe alipata kuugua kwa ajili yake. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kuvuta hewa ya dawa ile, wengine wakapotewa na akili. Biashara haikukoma. Risasi ilitoka katika moshi wa magari, ikatua barabarani na katika vumbi la uwanja wa nyumba, na watoto wakaivuta. Huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kidonda, ndiyo maana mzazi haoni. Hata nchi zilizotangulia ziliendelea nayo kwa miaka zaidi ya sabini. Kwa maoni yangu hili ni mojawapo la makosa makubwa ya karne ile, maana halikufanywa kwa kutojua.

Machimbo ya risasi ya Mpanda yalifungwa mwaka wa 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kampuni ikaondoka. Wengi walidhani mji utakufa, kwa kuwa ulikuwa umezaliwa kwa ajili ya machimbo. Haukufa, na sababu kubwa ni reli. Reli haikung'olewa. Iliyojengwa kwa ajili ya mawe ikabaki kwa ajili ya watu, tumbaku, mahindi, asali, magogo, na mafuta.

Baada ya uhuru nchi yetu ilitaka kusafisha mafuta yake yenyewe. Mwaka wa 1966 kiwanda cha TIPER kikafunguliwa Kigamboni, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waitaliano. Mafuta ghafi yaliletwa kwa meli, yakasafishwa hapo, yakatoka petroli, dizeli na mafuta ya taa. Siku hizo petroli iliuzwa kwa madaraja mawili, ya kawaida na ya juu iliyoitwa supa. Ndipo mtu aliweza kuuliza, "Mna supa?" Na katika mji mdogo ulio mwisho wa reli, jibu lilikuwa rahisi kulikisia. Mwenye kituo mwenye tangi moja au mawili ardhini atatia kile kinachonunuliwa na wengi. Dizeli ya malori na petroli ya kawaida zilitangulia. Supa ilihitaji tangi lake, pampu yake, na wenye magari ya kutosha kuimaliza kabla haijazeeka. Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo nusu ya jibu la swali letu: oktani ya juu hukosekana bara si kwa sababu mtu ameizuia, ila kwa sababu wanunuzi wake ni wachache na njia ni ndefu.

Nusu ya pili ni kwamba kila shida ya mafuta iliyoipata nchi ilifika Mpanda ikiwa imekua. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta ya kusini. Tanzania ikaisaidia. Malori yalipeleka mapipa Zambia kwa barabara mbovu ya kupitia Iringa na Mbeya, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipomalizika mwaka wa 1968. Mwaka wa 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda ghafla. Mwaka wa 1979 ikapanda tena, nasi tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera, hazina haina fedha za kigeni. Wenye umri wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali, na jinsi foleni za petroli zilivyolala vituoni. Dar es Salaam walipanga foleni ya petroli. Mpanda walikuwa wakipanga foleni ya habari za petroli, kama behewa limeondoka Tabora au halijaondoka.

Na siku hizo Mpanda haikuwa tena kijiji cha machimbo. Mwaka wa 1973 makazi ya Katumba yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na mwaka wa 1978 makazi ya Mishamo. Watu maelfu kwa maelfu walifyeka pori wakalima. Mahindi yao na tumbaku yao yalihitaji malori, na lori bila mafuta ni ghala lenye magurudumu.

Kiwanda cha TIPER kilikoma kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi ni mahali pa kuhifadhia tu. Tangu hapo petroli yetu yote huja ikiwa imekwisha safishwa, kwa meli, katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mwezi wa Juni mwaka wa 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa risasi katika petroli, na mwanzo wa mwaka wa 2006 Afrika yote iliyo kusini ya Sahara ilikuwa imekwisha kuiacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka wa 2021. Siku hizi oktani hupandishwa kiwandani kwa njia nyingine za kusafisha na kuchanganya mafuta. Ninyi mliopita shule za jioni mkiwa na watoto wadogo mgongoni, watoto hao wamevuta moshi ulio bora kuliko ule mliovuta ninyi.

Tatizo moja likaondoka, jingine likaja. Nalo lina neno ambalo wote mnalijua: kuchakachua. Sasa hivi twalitumia kwa kila kitu, kwa kura, kwa maziwa, hata kwa mapenzi. Lakini lilivuma hasa kwa sababu ya mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo, ili mtu wa kijijini aweze kuwasha koroboi yake. Petroli na dizeli zilitozwa ushuru mkubwa. Mfanyabiashara asiye mwaminifu akaona faida hapo katikati. Akachanganya mafuta ya taa katika dizeli, na mwingine katika petroli. Sasa rudini kwenye oktani. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana. Ukiyatia katika petroli nzuri, unaushusha uvumilivu wake. Petroli hutoka melini ikiwa na kipimo chake sawasawa, ikapimwa, ikaandikwa. Lakini ile inayoingia katika pikipiki baada ya kilomita zaidi ya 1,100 inaweza kuwa kitu kingine.

Serikali ilifanya mambo mawili. Mwaka wa 2010 ilianza kutia vinasaba katika mafuta, yaani alama isiyoonekana kwa macho, ili mkaguzi akipima kituoni ajue kama mafuta yamechanganywa. Na katika bajeti ya mwaka wa 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30. Faida ya kuchanganya ikapungua sana. Lakini aliyelipa ni nani? Ni yule mama wa kijiji kisicho na umeme, ambaye hakuchakachua kitu. Siwezi kusema serikali ilikosea, kwa maana injini za watu wengi ziliokoka. Nasema tu kuwa gharama ya udanganyifu wa wachache ilikwenda kulipiwa kwenye koroboi.

Njia yenyewe imebadilika pia. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2009 mvua kubwa zilivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, na magari ya moshi ya bara yakasimama kwa miezi kadhaa. Mji unaotegemea reli ukaona hatari ya kutegemea njia moja. Mwaka wa 2022 ikazinduliwa barabara ya lami kutoka Tabora mpaka Mpanda kupitia Koga, kilomita zipatazo 340. Lori la tangi lenye lita 30,000 na zaidi, ambalo zamani lingekwama masika, sasa hufika. Hata hivyo mwaka wa 2023, dola zilipoadimika, vituo vingi vya mikoani viliishiwa, na waliokuwa mwisho wa njia ndio walioishiwa mapema. Lami hufupisha siku za safari. Kilomita hubaki zile zile, na nauli ya kila lita huingia katika bei. Ndiyo sababu katika orodha ya bei ambayo EWURA huitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mpanda huwa juu ya Dar es Salaam.

Na Mpanda mjini si mwisho. Kuna Mishamo, kuna Karema ziwani, kuna Mwese milimani. Huko petroli hutoka kituoni ikiwa katika dumu, dumu hufungwa nyuma ya pikipiki, na kijijini humiminwa katika chupa za maji zikapangwa juu ya meza. Nawaambieni wazi kuwa ni hatari. Mvuke wa petroli hutambaa chini kama maji, ukafika jikoni kwenye moto kabla mtu hajausikia harufu. Tena petroli iliyokaa katika dumu juani hupoteza sehemu yake nyepesi, nayo injini huwaka kwa shida asubuhi. Serikali siku hizi inahimiza vituo vidogo vijengwe vijijini, na inatoa mikopo kwa kazi hiyo. Mpaka kituo kifike, chupa ndiyo kituo.

Tuseme basi kijana amempakia mama mwenye uchungu wa uzazi, anatoka Mwese kwenda hospitali ya Mpanda. Ametia chupa mbili za mezani. Kwenye mlima wa kwanza injini inagonga. Afanyeje? Asilazimishe. Apunguze mafuta mkononi, aweke gia ya chini, aende polepole. Injini iliyopewa mzigo mdogo hugonga kidogo. Akifika mjini aongezee petroli safi ya kituoni, ile mbaya izimuliwe. Na kuna jambo moja linalomsaidia bila yeye kujua. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na Mwese iko juu zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, silinda hupata hewa kidogo, mkandamizo hupungua, kwa hiyo injini huridhika na oktani ndogo kidogo kuliko pwani. Gari linalogonga Dar es Salaam huenda lisigonge Mpanda kwa petroli ile ile.

Lakini mwenye gari la injini mpya ya kukandamiza sana, ambalo kitabu chake kimeandikwa oktani 95 au zaidi, asidanganyike na mlima. Na akisome kitabu hicho, au atazame ndani ya kifuniko cha tangi, ambako mara nyingi namba huandikwa. Akifika kituoni aulize ni petroli ya namba gani. Mwuzaji asipojua, na mara nyingi hajui kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kabla, amwombe mwenye kituo. Bei sharti iwe imeandikwa kwenye bango mahali inapoonekana, na risiti ya mashine ni haki ya kila mnunuzi. Petroli ikiharibu injini, risiti ndiyo shahidi pekee asiyesahau.

Sasa kazi ya darasa. Tuseme lita moja ya petroli kituoni ni shilingi 3,000. Kijijini chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyojazwa mpaka begani tu, huuzwa shilingi 5,500. Pimeni kwa maji: chupa kama hiyo ikijazwa mpaka begani ina lita ngapi hasa? Kisha tafuteni bei ya lita moja kijijini, na mwone imezidi ya kituoni kwa kiasi gani. Nusu ya darasa watetee mwuza chupa, maana naye amelipa nauli na amehatarisha nyumba yake. Nusu nyingine wamtetee mwenye pikipiki. Hesabu ziandikwe kwa wino, si kwa kalamu ya risasi.

Naam, kalamu ya risasi. Jina hilo tulilirithi, lakini ndani yake hamna risasi hata chembe, mna madini meusi mengine kabisa. Habari hizo tutazianza juma lijalo. Kwaherini.